Jibu: Majitu ya Spider-Man yananimaliza, niuze diski?

Sasa ndugu. Umesema yale majitu kwenye gemu ya PlayStation, Marvel's Spider-Man ya 2018, yanakumaliza kila mara, na unataka kuipeleka diski Luthuli, ule mtaa wa Nairobi wa vifaa vya elektroniki, ukaiuze. Ngoja kwanza. Unayapiga ngumi moja kwa moja? Hayasikii. Yafunge kwa utando hadi yakwame, ndipo uyashukie. Adui mwenye ngao, teleza katikati ya miguu yake umpige kwa nyuma. Mimi nilichapwa wiki nzima, na siku ya kushinda stima ikapotea! Kazi za kando, anza na mikoba 55 ya Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, iliyofichwa mjini. Inakupa tokeni za mavazi na vifaa. Kazi za Taskmaster, yule mhalifu anayekupa majaribio, bado zinanitoa jasho. Hadithi? Vipande vya kunyatia unapocheza kama MJ, yaani Mary Jane, vinachosha, lakini Peter na Daktari Octavius, mwanasayansi anayemfanyia kazi, wakiwa maabara, hapo sikubanduka kitini.