Mkuu wa idara na akosee kwanza

Mara ya kwanza kuwachezesha wenzangu kazini maigizo ya papo kwa papo, niliharibu. Niliwasimamisha wawiliwawili mbele ya wengine, nikasema, "Haya, tuchekesheni." Wachache wenye kipaji walitamba, waliobaki waliinamisha macho. Mhasibu mmoja aliniambia baadaye kwamba alitamani homa impate palepale. Haki alikuwa nayo.

Nilikuwa natafuta kicheko, kumbe michezo hii haikuanzia hapo. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, aliikuza Chicago kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, akiwa na watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji, watu waliotenganishwa na lugha na desturi. Vichekesho vilikuja nyuma: mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City, kundi la vichekesho la Chicago, mwaka 1959.

Siku hizi naanza na mchezo mmoja. Wote wanacheza kwa pamoja, wawiliwawili, ili pasiwe na mtazamaji. Zungumzeni lolote, ila kila sentensi yako ianze na neno la mwisho la mwenzako. Ujaribu uone. Wengi wetu huacha kusikiliza mtu akiwa katikati ya sentensi, tukaanza kupika jibu. Hapa hupiki kitu, maana neno unalolihitaji liko mwisho kabisa. Dakika tatu tu, na watu wanatoka hoi.

Ile kanuni maarufu ya "ndiyo, na…", yaani kupokea alichotoa mwenzako kisha uongeze chako, iache mchezoni. Bajeti mbovu inastahili "hapana".

Lakini kiongozi lazima acheze. Akitaka kukaa pembeni na daftari, mimi huahirisha. Kuna mchezo wa kuhesabu hadi 20 bila kupangiana zamu. Wawili wakitamka namba kwa pamoja, mnarudi moja. Mkuu wa idara mmoja, mtu wa kuogopwa, aligongana kwenye 17 na kijana aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa. Kimya kikatanda. Kisha mzee akaangua kicheko: "Nirudisheni chekechea!"

Wiki iliyofuata, kikaoni, kijana yule aliinua mkono. "Samahani mkuu, tarehe hiyo hatuiwezi."

Mkuu akashika kalamu. "Basi tuseme lini?"