Kabla Hujakata Kitambaa: Kwa Mnaojiunga Kuwashonea Watoto Njiti na Wazazi Waliofiwa

Karibuni sana, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana wa kiume mnaoliweza cherehani kuliko wengi wetu. Kila mwaka ikishapita tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, hapa usharikani hujitokeza watu wapya wanaotaka kushona. Wamesikia tangazo ibadani, wameona picha za watoto wa kilo moja, wamemkumbuka Dorkasi wa Yafa na zile kanzu ambazo wajane walimwonyesha Petro huku wakilia. Wengi huja na kitu mkononi tayari: kigauni chenye marinda, kofia yenye kishungi, soksi za utepe. Moyo huo tunauhitaji. Ila naomba mshike hili tangu siku ya kwanza: tunashona kitu ambacho muuguzi ataweza kumvika mtoto bila kuhangaika, na ambacho ngozi ya mtoto itakivumilia. Urembo unafuata baadaye, ukipata nafasi.

Kwa hiyo msikate kitambaa kabla hamjazungumza na muuguzi wa wodi ya njiti. Ulizeni wana watoto wa uzito gani kwa sasa, nguo zipi zimewaishia, zipi zimejaa kabatini hazitumiki. Tukijishonea tu kwa tunavyodhani, tunajaza kabati na nguo za mtoto wa kilo mbili na nusu, wakati aliyelala pale ana gramu 900.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za mimba, lakini ndani ya neno hilo wamo watoto wa kila kimo. Wa wiki 28 ana kilo moja hivi, urefu wa sentimita 37, na mzunguko wa kichwa sentimita 26. Wa wiki 32 anakaribia kilo moja na robo tatu, kichwa sentimita 29 au 30. Aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa cha sentimita 34 au 35, na huyo ndiye anayeshonewa kofia za dukani. Kofia hiyo ukimvika njiti inamshuka hadi puani, na kwake pumzi ndiyo vita yenyewe. Kichwa cha mtoto wa wiki 28 kinalingana na chungwa kubwa, basi nanyi jaribuni kofia zenu kwenye chungwa kubwa: ishike bila kubana, isizunguke, isiteleze.

Kofia tunaitanguliza kwa sababu kichwa cha njiti ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na joto hupotea kupitia hapo. Chini ya ngozi yake mafuta ni haba mno. Sisi wa Njombe tunajua baridi ya Juni na Julai inavyowaumiza watu wazima wenye makoti. Mtoto wa namna hii anaweza kupoa hata kwenye chumba ambacho wewe hujisikii baridi kabisa.

Hata hivyo, nguo siyo inayompa joto. Joto analipata kifuani kwa mama yake. Huduma ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Akawarudisha watoto kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa muda mrefu hospitali nyingi zilisubiri mtoto atulie kwanza ndipo abebwe. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo wakilinganishwa na waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kangaroo ianze mapema, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu linabadilisha ushonaji wetu wote. Nguo yoyote inayokaa kati ya kifua cha mtoto na kifua cha mama inamnyima mtoto kile alichokifuata pale. Kwenye kangaroo mtoto anavaa nepi, kofia na soksi basi. Chumba kikiwa na baridi chini ya nyuzi 22, na kwetu hiyo ni miezi mingi, anaongezewa kishati cha pamba kisicho na mikono, kilicho wazi mbele kuanzia shingoni hadi chini. Vigauni vya kufunika kifua, hata vikiwa vizuri namna gani, subirini siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku hizi ninawasihi watu washone vya mama kuliko vya mtoto. Kitambaa cha kufungia kangaroo kinatakiwa kiwe cha fulana, chenye kuvutika kidogo, kipana cha kumfunika mtoto kuanzia chini ya sikio hadi miguuni na kuzunguka mgongo wa mama. Khanga inasaidia, lakini mama akinyanyuka kwenda msalani inaanza kulegea, naye anarudi kulala kitandani kwa woga wa kumdondosha mwanawe. Akifungwa vizuri anatembea, anakula, anasali na mwenzake wa kitanda cha pili. Shoneni pia blauzi za kufunguka mbele, na chache kubwa za kina baba, maana baba naye ana kifua chenye joto, na wapo wanaotamani ila wanaona haya kukaa wodini kifua wazi.

Kwa kile kishati cha mtoto, fikirieni vitu vilivyounganishwa mwilini mwake. Kuna sindano ya dripu mkononi au mguuni, mrija wa kulishia unaopita puani au mdomoni, huenda na mpira wa oksijeni. Nguo ya kupitishia kichwani haifai hata kidogo. Mbele ifungwe kwa kamba fupi za kitambaa hicho hicho. Vifungo havifai kwa sababu akilala kifudifudi vinamchoma, pini msizitaje, na shingoni pasiwe na utepe wowote. Mishono ikae nje, upande laini ugusane na ngozi. Na nyuzi! Uzi mmoja uliobaki ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukazuia damu, na mtoto huyo hana nguvu ya kulia mtu akamsikia. Pindueni kila soksi, pitisheni kidole ndani, kateni. Kwetu hakuna anayefunga mfuko kabla mtu mwingine hajaikagua kazi yake, hata kama ni mama mchungaji.

Mkikuta mtoto amelazwa uchi chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa, msidhani zawadi yenu imedharauliwa. Anatibiwa manjano, na mwanga lazima uipate ngozi.

Kitambaa kiwe pamba. Tetroni haipitishi hewa wala hainyonyi jasho. Mashuka ya mtumba ya pamba yanafaa sana, yameshafuliwa mara nyingi hadi yakalainika, nayo ni bei nafuu. Chagueni yasiyo na madoa, mchemshe, muanike, ndipo mkate, maana kitambaa kikifuliwa baada ya kushonwa kinaruka na vipimo vyote vinapotea. Msitie dawa za kunukiza. Pasi ipite pande zote mbili, hasa kwa nguo zilizoanikwa nje, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi. Mwenye pasi ya mkaa atandaze kitambaa kingine juu, majivu yasidondokee nguo. Halafu andikeni uzito kwenye mfuko, kwa gramu, kwa kuwa wauguzi wanawataja watoto wale kwa gramu.

Jambo moja kuhusu mama wa njiti. Familia nyingi za kwetu hazinunui nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Wazee wanaona ni kumtangulia Mungu. Uchungu ukimshika mama mwezi wa saba, anafika hospitali na khanga mbili na kadi ya kliniki. Msiseme hata kwa utani kwamba hakujiandaa. Amejiandaa kama alivyofundwa, mtoto ndiye aliyewahi.

Sasa upande wa pili wa kazi yetu, ambao wengi wenu hamkuutarajia mlipojiandikisha. Wapo watoto wanaozaliwa wameshafariki, na wapo wanaokaa saa chache au siku chache wakaondoka. Mara nyingi huviringishwa kwenye kipande chochote kilichopo, ndugu wanamchukua, anazikwa siku ile ile mama akiwa bado kitandani. Sisemi kila desturi ya namna hiyo ni mbaya. Nyingine ziliwekwa ili kumlinda mama. Ila yupo mama anayetaka kumwona mwanawe, na analetewa boksi. Huyo ndiye tunayemshonea.

Ngozi ya mtoto aliyefariki tumboni inachubuka kwa kuguswa tu. Nguo yake haivutwi wala haipitishwi mkono kwa nguvu. Tunaikata iwe wazi mgongoni kote, mikono mipana, inatandazwa, mtoto analazwa juu yake, kisha inakunjwa kumzunguka na kufungwa ubavuni kwa kamba laini. Ndani tunaweka kitambaa kizito cha pamba cha kunyonya maji. Kwa watoto wadogo zaidi, na wa wiki 20 ana urefu wa sentimita 25 hivi toka utosini hadi kisiginoni, tunashona kama kifuko kilicho wazi juu, chenye kikunjo cha kufunika kichwa. Lastiki hapana. Pindo zipigwe kwa makini ile ile mnayoiweka kwenye shela ya bibi harusi, hata kama hakuna atakayeliona pindo hilo zaidi ya muuguzi mmoja.

Nyeupe tumewaachia hao. Walio hai tunawashonea kijani, njano, zambarau, maua, vipepeo. Huo ni uamuzi wetu wenyewe, lakini umesaidia: hakuna mama wodini anayepokea nguo nyeupe akashtuka. Na mifuko hii miwili haisafiri pamoja. Mwenye kubeba nguo za maziko haingii wodi ya njiti nazo. Anazikabidhi ofisini kwa muuguzi mfawidhi au afisa ustawi wa jamii, kisha anaondoka. Mama ambaye mtoto wake anapigania pumzi akikuona na mfuko ule, atajua.

Tunaweka pia vitambaa viwili vidogo vinavyofanana. Kimoja kinakwenda na mtoto, kingine kinabaki kwa mama. Wapo wanaokipokea, wapo wanaokikataa, na muuguzi ndiye anayeuliza, mara moja tu.

Misalaba msidarizi mpaka familia iombe. Hospitali ni ya wote. Ndugu zetu Waislamu wana taratibu zao za kumwosha na kumkafini marehemu, na sanda yao haishonwi. Kwa hiyo katika mzigo tunaweka vipande vya kitambaa cheupe cha pamba visivyo na mshono wowote, na wao wenyewe watajua namna ya kuvitumia. Vijitabu vya mahubiri vibaki kanisani. Anayetaka kujua tunashona kwa ajili ya nani atauliza, na wapo waliouliza.

Mkiitwa kukaa na mama aliyefiwa, msimwambie Mungu atampa mwingine. Alimtaka huyu. Msimwambie mtoto alikuwa bado hajakomaa, wala msimsomee mapenzi ya Mungu siku hiyo. Semeni "pole sana, mama," mkae. Kama alimpa mtoto jina, mlitumie. Akiuliza mtoto aliyeondoka bila ubatizo yuko wapi, msijibu kutoka vichwani mwenu. Mwiteni mchungaji, au padre kama ni Mkatoliki, na mkae naye hadi afike.

Mgumu kuliko wote ni mama wa pacha ambao mmoja amefariki na mwenzake yuko kifuani. Watu humwambia ashukuru amebaki na mmoja. Yeye ana watoto wawili. Anahitaji kofia ya njano na anahitaji nguo nyeupe, na anahitaji zisifike kwa mkono mmoja wala saa moja. Tumekubaliana na wauguzi kwamba kwa mama kama huyo wao ndio wanaopanga kila kitu, sisi tunatoa tu kinachoombwa.

Baadhi yenu mmekuja kwa sababu nanyi mlizika. Ninawajua wachache, wengine sitawajua, na hamna deni la kusimulia. Anzeni na kofia. Asiyeweza kugusa kitambaa cheupe hatapewa, hata miaka ikipita. Vivyo hivyo kwa mwenye mimba.

Picha za watoto, walio hai au waliofariki, hazipigwi na haziendi kwenye kundi la WhatsApp. Pigeni picha za kofia mezani.

Jumamosi tunaanza na kofia za mtoto wa kilo moja na vitambaa vya kangaroo. Njooni na mkasi unaokata vizuri, futi, na kitambaa cha pamba kilichokwisha kufuliwa. Mwenye cherehani la mkono alibebe, umeme hatuutegemei. Na kila mmoja aje na chungwa.