Mwachie Mzee Kazi Yake

Bibi yangu ana miaka 93 na blauzi yake anaifunga vifungo mwenyewe. Inachukua muda. Vidole vimekakamaa, kifungo kinateleza, anakisaka tena, na wewe uliyesimama pembeni mikono inakuwasha kumsaidia. Ushauri wangu kwa yeyote anayeishi na mzee wa umri huo unaanzia hapo: ikunje hiyo mikono, usubiri.

Tangu alipovunjika nyonga nimeona kwamba ari ya mzee haiuawi na maumivu peke yake. Huzimika pale anapogundua kuwa hakuna tena kinachomngoja yeye. Kila mtu nyumbani ana huruma, basi kikombe analetewa, soksi anavalishwa, hata swali la daktari anajibiwa na mwanawe. Kwa nia njema kabisa, mtu anastaafishwa kwenye maisha yake mwenyewe.

Mwili nao haungoji. Mzee akilala kitandani siku chache tu, misuli inapungua upesi, na kuirudisha ni kazi ya wiki nyingi. Ila hurudi, na hili ndilo watu wengi hawaliamini. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wachache wa miaka 90 hivi, wakazi wa makao ya wazee, waliofanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8 chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Naye Mfaransa Robert Marchand, Januari 2017, aliendesha baiskeli uwanjani kilomita 22.547 kwa saa moja akiwa na miaka 105, kisha akanung'unika kwamba hakuona kibao cha dakika 10 za mwisho, la sivyo angekaza zaidi. Simtaji ili mzee wako aonekane mvivu. Namtaja kwa ajili ya lile nung'uniko.

Kwetu sisi mazoezi ni kiti. Mtaalamu wa viungo alimfundisha Bibi asogee mpaka ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa mikono na kusimama. Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Nasimama karibu lakini simnyanyui kwa kumshika kwapani. Akishindwa hukitukana kiti, hupumzika, hujaribu tena. Matusi hayo mimi nayahesabu kuwa dalili njema.

Hata hivyo ari isichanganywe na ubishi wa hatari. Bibi hapendi taa usiku. Hapo hatuelewani, na taa ya njia ya chooni inabaki inawaka. Zulia lililokuwa linakunjamana limeondoka, ndala zimepisha viatu vinavyoshika kisigino. Kwenye mambo ya kuanguka mimi ni dikteta. Mengine yote anaamua yeye, hata akitaka kuvaa sweta mbili juani.

Kuna jambo la kuangalia kwa makini zaidi. Mzee aliyekuwa mchangamfu akianza ghafla kukataa chakula, kusinzia mchana kutwa au kuchanganya maneno, usiseme ni uzee tu. Yanaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji mwilini, dawa mpya isiyompatana, au sonona, na hayo yana matibabu. Mpeleke hospitali, na ukifika mwombe daktari amwulize yeye kwanza; wewe ongezea atakachosahau.

Na zipo siku hataki kabisa. Ananiambia, "Mjukuu wangu, leo niache." Namwacha. Mazoezi yanaweza kungoja kesho. Maji hayangoji, maana kiu hupungua uzeeni na hawezi kuitegemea imkumbushe, kwa hiyo hilo tunabishana mpaka glasi iishe.