Zile dakika tatu za panya

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unalalamika kwamba profesa amezikataa sampuli zote za damu ya panya ulizochukua baada ya dakika ya 3, kwenye jaribio lenu la kupima msongo wa panya waliojeruhiwa ubongo, ilhali damu ilikuwa nyingi na safi. Kwa hili niko upande wake.

Saa huanza pale mkono unapogusa kizimba, si sindano inapoingia mkiani. Panya akishtuka, haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, huiamsha pituitari, tezi iliyo chini yake, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, ndipo kotikosteroni, homoni ya msongo, inamwagwa. Homoni hiyo huanza kupanda kwenye damu baada ya kama dakika 3. Ukiwahi, umepima msongo aliokuwa nao. Ukichelewa, umepima ulivyomsumbua wewe. Na mwenzake wa kizimba kimoja kasikia purukushani, kwa hiyo saa yake nayo inakwenda. Muwe wawili, kila mtu na panya wake.

Halafu angalia saa za siku. Panya ni mnyama wa usiku: kotikosteroni yake huwa chini asubuhi, hupanda kadiri taa zinavyokaribia kuzimwa. Ukiwapima majeruhi asubuhi na wazima jioni, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya saa tu. Kila kikao kiwe na panya wa makundi yote.

Kazi ngumu hasa ni hii: kumjeruhi panya kwenyewe ni msongo. Kuna dawa ya usingizi, kuchanwa ngozi, kutobolewa fuvu. Ndiyo maana lipo kundi linalofanyiwa yote isipokuwa pigo. Hata hilo si safi, maana joto na mtikisiko wa keekee huweza kuumiza ubongo ulio chini ya tundu. Mimi ningeomba kundi la tatu lisiloguswa kabisa.

Kwenye mashine ya mpigo wa maji, ile inayoupiga ubongo kupitia tundu la fuvu, adui ni kiputo cha hewa. Pigo lenyewe ni la milisekunde 20 hivi. Hewa hubonyea, pigo likafika butu, nawe ukaandika jeraha la wastani. Fyatua mara kadhaa kabla ya kumuunganisha panya na usome mchoro wa shinikizo. Mstari laini wenye kilele kimoja, endelea. Ukiona mikwaruzo, toa hewa kwanza.

Usidhani ni ushupavu wa maabara. Dawa za jamii ya homoni hizi zilikuwa zikitolewa kwa majeruhi wa kichwa, kwa matumaini tu. Jaribio la CRASH, lililochapishwa 2004 na lenye wagonjwa 10,008, likakuta kwamba ndani ya wiki 2 walifariki asilimia 21.1 ya waliopewa methiliprednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, dhidi ya asilimia 17.9 ya wasiopewa.

Zile sampuli zako za dakika ya 5 usizimwage. Andika sekunde kwenye kila kichupa, uziweke kando kwenye friza. Usizichanganye na za mapema.

Mama yako