Maswali ya Wasomaji: Karafuu Mbele ya Bakteria

Tangu msimu wa karafuu uanze, barua nyingi zilizotufikia zinauliza juu ya zao hilo kama dawa. Nimechagua nne, kwa kuwa zote zinagusa jambo moja: ndani ya karafuu mna nini, na hicho kilichomo kinaua vijidudu kwa kiasi gani na mahali gani.

Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya maabara, kwetu ni Wete. Tulisaga karafuu kavu, sehemu moja tukaichemsha kwa maji na nyingine tukailoweka kwenye ethanoli. Kila dondoo tuliliandaa kwa miligramu 100 kwa mililita, tukadondosha mikrolita 10 kwenye viduara vya karatasi na kuviweka juu ya kisahani chenye bakteria Staphylococcus aureus. Dondoo la ethanoli lilifanya duara safi pana kuliko lile la gentamisini (dawa ya antibiotiki ya hospitali), lakini la maji lilikuwa dogo sana. Je, naweza kuandika kwamba karafuu ni kali kuliko gentamisini? Na kwa nini maji yalishindwa?

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la pili, kwa sababu jibu lake linafungua la kwanza.

Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta yanayofikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kiasi ambacho ni viungo vichache sana vinavyokifikia. Ndani ya mafuta hayo, sehemu kubwa, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali moja iitwayo yujenoli. Zinazobaki ni asetati ya yujenoli, kariofileni na nyingine nyingi zilizomo kwa kiasi kidogo. Mbali na mafuta, karafuu ina tanini, ambazo ndizo zinazoukausha ulimi unapoitafuna, pamoja na flavonoidi na asidi ya galiki.

Yujenoli haipendi maji. Lita moja ya maji ya joto la kawaida huyeyusha gramu mbili na nusu hivi tu, wakati ethanoli huipokea bila shida. Kwa hiyo mlipochemsha, maji yalichukua tanini nyingi na yujenoli kidogo, na hata hiyo kidogo iliendelea kuwaponyoka, kwa kuwa hupaa pamoja na mvuke. Ile harufu iliyojaa chumba wakati sufuria iko wazi ndiyo dawa yenyewe ikiondoka. Ukitaka kuona nguvu ya karafuu, usilinganishe maji na ethanoli peke yake. Ongeza na mafuta yaliyopatikana kwa mvuke, halafu eleza wazi kila dondoo lilitengenezwaje, kwa sababu msomaji wa ripoti anayekuta maneno «dondoo la karafuu» bila maelezo hajui anasoma habari za kitu gani.

Sasa gentamisini. Kiduara cha gentamisini kinachouzwa kwa ajili ya kipimo hicho kina mikrogramu 10 za dawa. Viduara vyenu vilibeba mikrolita 10 za dondoo la miligramu 100 kwa mililita, ambayo ni miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000. Mmeweka karafuu mara 100 kuliko dawa mliyoilinganisha nayo, kisha mkapata duara lililozidi kidogo. Hesabu hiyo fupi inatosha kulijibu swali lako, na ningependa uiandike kwenye ripoti kama ilivyo, maana nimesoma ripoti nyingi za mimea zinazotoa hukumu kwa kutazama upana wa duara pekee.

Upana wa duara una matatizo mengine. Unategemea jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari, yaani rojo linalooteshewa bakteria kwenye kisahani, na agari ni maji kwa sehemu kubwa. Mafuta husambaa kwa taabu, hivyo kuna dondoo zinazoonekana dhaifu kumbe zimeshindwa kutembea tu. Upande wa pili, yujenoli hupaa chini ya kifuniko na kuwafikia bakteria kwa njia ya hewa, hata kuathiri viduara vya jirani. Ndiyo maana mafuta yanayopaa hupewa kisahani chake peke yake. Hakikisha pia mlikuwa na kiduara kilicholowekwa ethanoli tupu na kukaushwa, ili mjue kwamba si ethanoli iliyoua, na kwamba bakteria walipimwa kwa kiwango cha 0.5 cha McFarland, kipimo cha ukungu wa maji yenye bakteria, ambacho ni kama seli milioni 150 kwa mililita. Bakteria wakiwa wachache, hata dawa dhaifu hufanya duara la kuvutia.

Kipimo kinachofaa kulinganisha ni kile cha kutafuta kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kuota. Unachukua bamba lenye vishimo 96, unapunguza dawa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, unaongeza bakteria, na kesho yake unatazama ni kishimo kipi cha mwisho kilichobaki maji safi bila ukungu. Kwa gentamisini, bakteria ambao hawajapata usugu kwa kawaida huzuiwa na mikrogramu 1 au pungufu kwa mililita. Kwa yujenoli, matokeo mengi huangukia mikrogramu mia kadhaa hadi zaidi ya 1,000 kwa mililita. Ukichukua matone kutoka vishimo visivyo na ukungu na kuyapanda kwenye agari mpya isiyo na dawa, utajua pia kama bakteria walikufa au walisimama tu kuota.

Usikate tamaa kwa tofauti hiyo, kwa sababu hata namna zinavyofanya kazi hazifanani. Gentamisini hushika mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini, mtambo ambao umbo lake ni tofauti na wa kwetu. Yujenoli haina shabaha moja. Ni molekuli ndogo inayopenda mafuta, yenye kundi la haidroksili kwenye pete yake, nayo hujipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria na kuulegeza, mpaka potasiamu na nguvu iliyohifadhiwa ndani vianze kuvuja. Bakteria wenye utando wa ziada wa nje, hasa Pseudomonas aeruginosa, huistahimili zaidi, kwa kuwa utando huo huipunguza na pampu zao huitema nje. Fangasi aina ya Candida nao huathirika, na ningefurahi kundi lenu likiwajaribu.

Lakini seli zetu nazo zina utando. Yujenoli ikiwa nyingi, huvuruga utando wa mtu kama inavyovuruga wa bakteria, na hapo ndipo barua inayofuata inaponitia wasiwasi.

Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mume wangu alipimwa akaambiwa ana taifodi. Jirani ametushauri aache dawa za hospitali, anywe chai ya karafuu asubuhi na jioni, na kijiko kimoja cha mafuta ya karafuu kila usiku, kwa sababu utafiti umeonyesha karafuu inaua bakteria wa taifodi. Je, ni kweli?

Pole kwa kuuguza, dada yangu. Ni kweli kwamba karafuu huua bakteria wa jamii ya Salmonella kwenye kisahani cha maabara. Si kweli kwamba inaponya taifodi, na naomba mume wako amalize dawa alizoandikiwa. Mafuta hayo asiyanywe kabisa.

Tufanye hesabu ya chai. Karafuu tano zina uzito wa kama nusu gramu. Tukikadiria kwa ukarimu, zina miligramu 100 za mafuta, na ndani yake miligramu 80 za yujenoli. Tuseme zote zimeingia kwenye kikombe, jambo ambalo tumekwisha kuona haliwezekani, na zote zimenyonywa na tumbo bila kupotea. Mtu mzima wa kilo 60 ana maji mwilini ya kama lita 35. Ukigawa, unapata mikrogramu 2 na kidogo kwa kila mililita, ambapo bakteria wanahitaji mia kadhaa. Na hicho kidogo hakikai. Watu waliojitolea kupewa miligramu 150 za yujenoli walitoa zaidi ya asilimia 95 yake kwenye mkojo ndani ya saa 24, na iliyotoka ikiwa bado yujenoli halisi haikufika hata asilimia 0.1, yote iliyobaki ini lilikuwa limeibadilisha. Kwa sababu hiyohiyo chai ya karafuu haitibu maambukizi ya njia ya mkojo, swali ambalo wasomaji wengine watatu wameniandikia.

Isitoshe, bakteria wa taifodi hawakai tumboni wakisubiri chai. Huingia ndani ya seli za kinga zenyewe, wakajificha kwenye ini, bandama, uboho wa mifupa na mfuko wa nyongo. Ugonjwa ukiachwa, utumbo unaweza kutoboka, kwa kawaida katika wiki ya tatu, na hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka. Kama mume wako alipimwa kwa kipimo cha Widal (kinachotafuta kingamwili kwenye damu) peke yake, muulize daktari kuhusu kuotesha damu maabara, kwa sababu Widal mara nyingi huonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo, na kuotesha damu huonyesha pia ni dawa ipi ambayo bakteria hao hawajaizoea.

Nirudi kwenye mafuta. Kijiko cha chai, yaani mililita 5, kina gramu 4.2 hivi za yujenoli, sawa na iliyomo kwenye vikombe zaidi ya 50 vya chai ile. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka kiwango kinachokubalika cha yujenoli kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 150. Kijiko kimoja kinazidi hapo kwa karibu mara 28. Katika taarifa za kitabibu wapo watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu. Walipoteza fahamu, wengine wakapata degedege, na maini yao yakaharibika. Una watoto watatu ndani ya nyumba: chupa hiyo ifungwe na iwekwe wasikofika. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa mkononi ili daktari aione.

Chai yenyewe haina ubaya. Mume wako akiipenda, mpe pamoja na dawa zake, isipokuwa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Katika hali hiyo amwambie daktari wake kwanza.

Nawaandikia kutoka Mombasa. Bibi yangu akiumwa jino huweka karafuu na maumivu hupungua. Kama karafuu haitibu, mbona hii yafanya kazi?

Bibi yako yuko sahihi, na sababu ni ileile niliyoieleza juu: kiasi na mahali. Karafuu ikitafunwa na kubanwa kwenye jino, yujenoli haigawanywi na lita 35 za maji. Inabaki palepale ikiwa nyingi, inatuliza mishipa ya fahamu kwa kuzuia njia ambazo ishara za maumivu hupita, na wakati huohuo inapunguza bakteria walio karibu. Madaktari wa meno wanalijua hili kwa muda mrefu. Unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli bado hutumika kuziba jino kwa muda, na ndio unaofanya vyumba vya matibabu ya meno vinukie karafuu.

Hata hivyo, mwambie asidondoshe mafuta matupu kwenye ufizi. Yatauchoma, na ngozi nyeupe itababuka baada ya siku moja au mbili. Achanganye tone moja na mafuta ya kupikia, apake kwa pamba kwenye jino, asimeze. Na kama shavu limevimba, homa ipo au mdomo haufunguki vizuri, usaha umekwisha kuingia ndani kuliko karafuu inavyoweza kufika. Aende kwa daktari wa meno siku hiyohiyo.

Mimi ni mkulima wa Mkoani. Makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, tunayauza kwa bei ndogo sana kuliko karafuu. Je, mafuta yake ni dhaifu kwa vijidudu? Na nitajuaje mafuta halisi?

Ndugu yangu, makonyo yana mafuta machache, kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito, lakini mafuta hayo si dhaifu. Mara nyingi yana yujenoli asilimia 85 hadi 95, kuzidi ya karafuu yenyewe, kwa sababu yana asetati kidogo. Ndiyo maana kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kimejengwa kwa ajili ya kuyakamua makonyo. Mafuta ya karafuu hupendwa zaidi na watengenezaji wa manukato na vyakula kwa ajili ya harufu yake laini. Kwa kuua bakteria, makonyo hayajapungukiwa kitu, na naamini mkulima wa Pemba angestahili kulipwa vizuri zaidi kwa kitu ambacho hapo zamani kilionekana taka.

Kuhusu uhalisi, dondosha tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya karafuu, majani au makonyo ni mazito kuliko maji, nayo huzama; yakielea, yamechanganywa na mafuta mengine. Lakini kuzama hakukuambii kama ni ya karafuu au ya makonyo. Hilo hujulikana kwa kromatografia ya gesi, ambayo hupima kila kemikali peke yake, na asetati ya yujenoli ikiwa kidogo sana, basi uliuziwa makonyo kwa bei ya karafuu.