Utafiti wa anga za juu chuoni bila roketi: anzeni na GPS ya juu ya paa

Mkuu, umeuliza kama idara ya fizikia isiyo na roketi wala darubini inaweza kufanya utafiti wa anga za juu. Inaweza. Afrika Mashariki tuko jirani na ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi), inayopita Ethiopia, na ionosfea ya huku, yaani tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru, huchafuka sana baada ya machweo. Tafuteni kipokezi cha GPS cha masafa mawili (L1, MHz 1575.42, na L2, MHz 1227.60) kinachorekodi nguvu ya mawimbi mara 50 kwa sekunde. Simu haifai hapa.

Mnachopima ni S4, kipimo cha jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyotetereka yakipita kwenye ionosfea: mchepuko sanifu wa nguvu hiyo ndani ya dakika moja, yaani sampuli 3,000, ukigawanywa kwa wastani wake. Chini ya 0.2 kumetulia. Ikipita 0.6, kipokezi kinaweza kuanza kupoteza setilaiti.

Kinachowaponza wanaoanza ni paa lenyewe. Bati na matangi ya maji hurudisha mawimbi, yakikutana na yale ya moja kwa moja S4 inapanda, mtu anakimbilia kuandika makala. Kwanza tupeni setilaiti zote zilizo chini ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho. Halafu linganisheni siku kwa siku: mpangilio wa setilaiti za GPS hujirudia kila baada ya saa 23 na dakika 56. Kilele kikija leo saa 3:20 usiku, kesho 3:16, keshokutwa 3:12, hilo ni bati lenu. Mapovu ya ionosfea, yaani sehemu zenye elektroni chache zinazoleta kuchafuka huko, hayana ratiba hiyo; hutokea zaidi kati ya saa 1:30 usiku na saa 6, hasa Machi–Aprili na Septemba–Oktoba. Faili za kipokezi lakini husoma UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa 2 usiku yetu itafuteni kwenye 17:00.

Kipokezi hichohicho hupima pia TEC, yaani jumla ya elektroni njiani kutoka setilaiti hadi kwenu; kila uniti yake (elektroni 10¹⁶ kwa mita ya mraba) huchelewesha L1 kwa sentimita 16. Mkiona TEC hasi alfajiri, hamjaondoa hitilafu ya kipokezi: nanosekunde 1 ya tofauti ya kuchelewa kati ya L1 na L2 ni uniti 2.85.

Kwenye kebo ya antena ya juu ya paa msibane matumizi. Mita 30 za RG-58, kebo nyembamba ya kawaida, hula zaidi ya desibeli 15 za nguvu ya mawimbi. Nunueni LMR-400, kebo nene inayopoteza kidogo, na kinga ya radi iungwe ardhini kabla kebo haijaingia ndani.