Foki ikipasuka, usiichomelee

Nilikuwa nateremka na baiskeli kilima cha Bugando, hapa Mwanza, asubuhi, nimeshika breki ya mbele, nikahisi usukani unavuta kushoto. Nikashuka kuangalia. Kwenye bega la foki, ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, chini kidogo ya shingo ya fremu, palikuwa na mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Nikaupitishia ukucha, ukazama.

Chanzo nilikijua. Kwa muda mrefu nilikuwa nabeba kayabo, yaani samaki wa chumvi, kutoka mwaloni Kirumba kwenye kikapu cha mbele, na maji ya chumvi yanadondokea palepale kwenye bega. Ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi, halina makali hayo kwa chuma. Chumvi ya kayabo ndiyo iliyokula.

Nikaipeleka ikachomelewe. Baada ya wiki tatu ikapasuka tena, pembeni tu ya weldi, maana moto hudhoofisha chuma kilicho jirani. Jamani, msichomelee foki. Mnyororo ukikatika utasukuma baiskeli hadi nyumbani. Foki ikikatika kwenye mteremko, unatanguliza uso.

Halafu nikanunua nyingine kwa kuangalia tu. Mzee mmoja fundi pale Igoma akanirudisha: "Mwanangu, foki hainunuliwi kwa macho. Lete ya zamani tuzilaze pamoja." Tulipozilaza nikaona. Foki ya ringi 28 si ya ringi 26, hilo wengi wanalijua. Ila bomba linaloingia kwenye shingo nalo lina vipimo vyake: kwenye baiskeli zetu za mizigo ni inchi 1, yaani milimita 25.4, lina meno ya nati. Baiskeli nyingi za milimani za siku hizi ni milimita 28.6, bila meno. Na urefu wake pia. Likizidi kidogo, utaongeza washa, ile pete bapa ya chuma, chini ya nati. Likipungua, nati ya juu itashika meno mawili tu; hiyo irudishe dukani.

Kazi yenyewe iko kwenye gololi. Kabla ya kufungua, tandika kitambaa cheupe chini, kisha zihesabu, za juu na za chini. Safisha vikombe ambamo gololi hukaa, paka grisi nzito, zipange moja moja. Grisi itazishika zisianguke. Usizijaze mpaka zibanane, acha nafasi kama ya gololi moja ili zizunguke. Ingiza foki taratibu, ukiishikilia kwa chini muda wote, na upinde wake uelekee mbele. Kaza kikombe cha juu kwa mkono mpaka kuchezacheza kuishe, rudisha kidogo sana, kishikilie kwa spana, ndipo ukaze nati ya juu. Hapa usiwe na haraka. Mimi nilirudia mara nne.

Kupima ni rahisi. Shika breki ya mbele, weka kidole kati ya kikombe na shingo, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia inagonga, imelegea. Kisha inyanyue mbele, usukani ugeuke wenyewe kwa uzito wa gurudumu. Ukikwama katikati, umekaza mno na gololi zitachimba vikombe. Bomba la usukani nalo lisipandishwe kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake.

Siku ya tatu nilikuta imelegea tena, kwa kuwa vikombe vilikuwa vimejikalisha. Nikaikaza robo ya mzunguko. Kayabo sasa naifunga nyuma kwenye keria, juu ya turubai.